Mama Yangu, Mhojiwa wa Mke Wangu

Mke wangu alirudi kutoka Kikima akiwa na kabichi, mfuko wa avokado na kicheko ambacho hakikuwa chake. Kilikuwa kicheko cha mama yangu. Mama huvuta pumzi ndani kwanza, halafu hukiachilia chote kwa mpigo, na mke wangu alikuwa amekibeba kizima kutoka milima ya Mbooni hadi jikoni kwetu Kitui. Nilikuwa nimesimama kando ya jiko nikigeuza chapati. Nikamuuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida, walikuwa wanacheka nini na mama.

"Mambo ya kazi," akasema.

"Kazi gani inachekesha hivyo?"

"Wee, si unajua sheria? Maneno ya mhojiwa ni siri."

Mhojiwa! Mwanamke aliyenibeba mgongoni akienda mtoni na mtungi kichwani, leo katika kinywa cha mke wangu amekuwa mhojiwa, na mimi nimekuwa mtu asiyepaswa kujua. Chapati iliungua upande mmoja. Nikaiweka kwenye sahani yake.

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki sana na sikukonda hata kidogo. Nilinenepa, kwa sababu kila mke wangu alipotoka kwa mama alikuja na chakula, na mimi nilikila chote nikiwa nimenuna.

Ilianza kazini. Mimi ni mwalimu wa tabia za wateja katika chuo kimoja hapa Kitui. Nafundisha vijana kwa nini mtu hulipita duka moja na kuingia la pili linalouza vitu vilevile, na kwa nini humwamini muuzaji ambaye kila mtu anajua ni mwongo. Mke wangu anafundisha kompyuta katika jengo linalotazamana na letu. Mkubwa wetu, profesa wa biashara, mama mnyamavu kutoka upande wa magharibi, alitukuta siku moja tukibishana kwenye kantini kuhusu kwa nini watu hawatumii programu za simu wanazoundiwa. Mke wangu alisema zimeundwa vibaya. Mimi nilisema waundaji hawawajui watu. Profesa akavuta kiti akasema huo si ugomvi, huo ni utafiti.

Hivyo ndivyo tulivyounganishwa sisi watatu: mtu wa teknolojia, mtu wa tabia za binadamu na mtu wa biashara. Mke wangu aliunda programu ambayo mkulima hupiga picha ya mazao yake, mnunuzi wa mjini huagiza, na mwendesha bodaboda hupata ujumbe aende akachukue mzigo. Kazi yangu ilikuwa kujua nani anaitumia, nani haitumii, na moyoni mwake kuna nini. Profesa angeangalia kama biashara inaweza kusimama kwa miguu yake. Na alituambia mapema, bila kuficha, kwamba awamu ya kwanza ikiisha mmoja wetu angeongoza ya pili. Anayeongoza angepata pia nafasi ya kusomea shahada yake ya udaktari humo humo ndani ya mradi. Kiti kilikuwa kimoja. Mke wangu alinitazama, mimi nikamtazama, tukacheka kwa adabu.

Nilikitaka kile kiti. Sitaki kuzunguka. Nilikuwa nimefundisha kwa miaka mingi nikiona wadogo zangu wakipita na kuitwa Daktari, na nilijua kwamba katika utafiti huu jambo gumu halikuwa kompyuta, lilikuwa watu. Na watu ndiyo fani yangu.

Profesa alichagua Kikima kwa sababu ni kwetu, na Matinyani kwa sababu ni kwao mke wangu. Alitaka tupokelewe vizuri. Lakini kamati ya maadili ya utafiti ilirudisha maombi yetu na maneno machache: hakuna mtafiti atakayemhoji jamaa yake wa damu. Mama yangu alikuwa katika kikundi cha akina mama wa Kikima, na shangazi za mke wangu walijaa kile cha Matinyani. Tukakaa, tukafikiri, na mmoja wetu, siwezi kukumbuka nani, akasema tubadilishane. Mke wangu aende Kikima kwetu, mimi niende Matinyani kwao. Damu kwa damu hakuna. Kamati ikafurahi. Profesa akatusifu kwa ubunifu. Wakamba wawili wenye digrii, na hakuna aliyesimama kusema ngojeni kwanza.

Kwa Mkamba, mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja wakaongea. Tunaiita nthoni. Ni heshima na ni aibu kwa wakati mmoja. Zamani ukimwona mama mkwe njiani, mmoja wenu aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi makanisa yamelegeza mambo, watu wanasalimiana kwenye harusi, wengine hata wanapeana mikono. Mimi nilijihesabu miongoni mwa waliolegezwa. Isitoshe, mama mkwe wangu hakuwa mwanachama wa kile kikundi. Nilihakikisha hilo, nikajiona mjanja.

Nilichosahau ni kwamba kwa desturi yetu hukuoa nyumba moja. Kila mwanamke wa rika la mama mkwe wako katika ukoo ule ni mama mkwe wako. Nilipofika Matinyani mara ya kwanza na kukaa kwenye kiti cha plastiki nilichowekewa mbali na wote, niligundua nimezungukwa na mama wakwe kila upande. Walinichinjia kuku. Waliniletea maji ya kunawa kupitia kwa msichana. Halafu wakakaa, wametazama chini, leso zimevutwa mpaka kwenye paji la uso, na kila nilichouliza kikajibiwa kwa neno moja.

"Programu hii mnaionaje?"

"Ni sawa."

"Kuna ugumu wowote?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini hamuuzi kuku kupitia hiyo?"

Mmoja akakohoa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi yangu ilikuwa fupi mno. Baada ya muda mwenyekiti wao alihamia mjini kwa bintiye, wakachagua mwingine. Mnaweza kukisia nani. Mama mkwe wangu mwenyewe, ambaye alijiunga akachaguliwa siku ileile. Kuanzia hapo mikutano ilifanyika nyumbani kwake, na yeye, kwa heshima zote, aliiongoza akiwa ndani jikoni, mlango umerudishwa, mimi nikiwa nje chini ya paa la ghala. Nilisikia masufuria. Sauti yake sikuisikia kamwe.

Kikima kulikuwa na sherehe. Kila wiki tulikutana ofisini kwa profesa kusoma tulichokusanya, na kila wiki mke wangu alifungua mdomo akamwaga. Akina mama wa Kikima walimwambia kwa nini hawapendi kupiga picha ya kabichi kabla haijaoshwa. Walimwambia ni mnunuzi gani anawaita "dear" na kwa nini hawamuuzii tena. Walimwambia jinsi waume zao wanavyoshika simu kuangalia agizo limetoka kwa nani. Profesa aliandika mpaka kalamu ikagoma. Halafu alinigeukia mimi.

"Na Matinyani?"

"Wanasema ni sawa," nikajibu.

"Bado?"

"Bado ni sawa."

Mke wangu hakunicheka. Ningependa angenicheka. Alitazama chini mezani, kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kicheko chochote. Mganga hajigangi, nilijiambia nikitoka, lakini maneno hayo hayakunisaidia kitu.

Kilichonila zaidi ni kwamba katika yote aliyosimulia, kulikuwa na mhojiwa mmoja ambaye hakumtaja kwa jina wala kwa kazi, na nilimtambua kila mara. Alisema "mama mmoja" na sauti yake ikawa laini. Mama mmoja alisema hivi. Mama mmoja huwaombea wanunuzi wake kabla ya kutuma mzigo. Mama mmoja huzungumza na mti wa avokado uliopandwa na marehemu mume wake. Nilikuwa nimekaa pale, mtoto wa marehemu huyo, na sikuwahi kusikia kwamba mama yangu huzungumza na mti. Anauambia nini? Na kwa nini anauambia mti na anamwambia mke wangu, na mimi hapana?

Nyumbani nilijaribu kila mlango. Nilianza kwa utani, nikaenda kwa hasira, nikaishia kwa kubembeleza.

"Mimi ni mtafiti mwenzako. Data ni yetu sote."

"Data utaiona ikishaondolewa majina. Lakini ile inayoweza kumtambulisha mtu, sitakupa. Wewe ndiye uliandika hiyo kanuni, baba watoto. Mkono ni wako."

Kweli niliiandika. Nilikuwa nimejivunia sentensi zake.

"Ni mama yangu."

"Ndiyo maana."

Akafunika ugali, akaniambia niite watoto tule. Nilikula nikiwa nimetazama ukuta. Niliona wivu wa kila kitu siku zile. Niliona wivu wa kiti cha jikoni kwa mama, kile chenye mguu mfupi, kwa sababu mke wangu alikuwa amejua jinsi ya kukikalia. Aliporudi na sweta la mama, eti baridi ya Kikima ilimshika akapewa, nililiangalia likining'inia mlangoni petu nikahisi nimeibiwa. Sweta hilo nililinunua mimi.

Jumamosi moja nikasema liwalo na liwe, nitaenda mwenyewe, si kama mtafiti, kama mtoto. Niliendesha gari kupitia Machakos mpaka Kikima, nikapanda ule mlima ukungu ukiwa bado haujaondoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alifurahi, akanikumbatia, akasema nimenenepa. Akanipikia chai ya tangawizi. Nikamuuliza yuko vipi.

"Niko sawa tu."

"Shamba?"

"Shamba linaendelea."

"Miguu? Zamani ulikuwa unalalamika."

"Mungu ni mwema."

Tulitazama nje. Chini kwenye matuta jirani yetu alikuwa anachuma avokado katika sehemu yetu, nikadhani amepewa ruhusa ya kujichumia kidogo, na sikuuliza zaidi. Mama alinijazia mfuko. Nilipoaga, aliuliza swali moja tu lililokuwa na uzito kwenye sauti yake.

"Mke wako anakuja Jumatano?"

Nikasema sijui ratiba yake. Nilikuwa naijua vizuri.

Na ndipo, wakati nimeshakata tamaa na Matinyani, mambo yakageuka kwa muda. Katika toleo jipya la programu mke wangu aliongeza kitufe cha kutuma ujumbe wa sauti. Nilikiona nikakipuuza. Kisha asubuhi moja nikiwa darasani simu yangu ikalia, nikafungua baada ya kipindi, na nikasikia sauti ya mwanamke mzee, nzito, yenye amri, ikisema Kikamba safi cha Matinyani.

"Wewe simu. Mwambie huyo mwalimu kwamba kuku hawatoki kwa sababu waendesha bodaboda wote wa hapa wameoa hapa. Sasa mtu ataingiaje bomani kwa mama mkwe wake kumshika kuku mabawa, mama mkwe amesimama hapo akitazama? Wanaona jina la mwenye kuku, wanakataa. Mwambie aulize vizuri. Mwambie pia ale, amekonda."

Nilikaa kwenye ngazi ya darasa na kitambi changu, nikairudia. Jina juu ya ujumbe lilikuwa la mama mkwe wangu; alikuwa amepata mlango. Nthoni inakataza uso kwa uso. Haikuwahi kusema lolote kuhusu simu, kwa sababu walioitunga hawakuwa na simu. Yeye hakuongea nami. Aliongea na simu, na simu ikaongea nami. Nikajibu vivyo hivyo: "Wewe simu, mwambie mama kwamba nimesikia na nashukuru." Jioni zikafuata nyingine. Wale wengine nao wakajifunza. Kikundi kizima kilichokuwa kimeniambia "ni sawa" kikaanza kuniambia yote, kupitia simu, kila mmoja akianza kwa kumwagiza huyo mjumbe asiye na masikio. Na siku chache baadaye waendesha bodaboda wakaanza kufanya vilevile. Kijana anatuma sauti kwamba yuko langoni. Mama mkwe anatuma sauti kwamba kuku amefungwa miguu, yuko kwenye kikapu kando ya mlango, na anaingia ndani. Kijana anachukua, anaondoka. Heshima imebaki, na kuku amefika Kitui.

Nilifurahi mpaka nikapiga mluzi. Nilikwenda kwenye mkutano nikiwa nimevaa koti. Nilieleza yote: desturi ilivyokuwa imezuia biashara, watu walivyopata njia yao wenyewe ndani ya teknolojia, bila kufundishwa na mtu. Profesa alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama.

"Hii ndiyo sura ya kwanza ya ripoti," akasema. "Tabia, teknolojia, biashara, zote tatu kwa kuku mmoja." Nikajiona kwenye kile kiti, nimekikalia, nimeegemea. Kisha akauliza, "Na hicho kitufe cha sauti, kiliwekwa kwa sababu gani?"

Mke wangu alisita. Najua alisita, kwa sababu ninamjua.

"Niliona mahojiano ya Matinyani hayaendi," akasema polepole. "Namjua mama yangu. Nikafikiri, akipata mahali pa kusema bila kuonekana, atasema."

Profesa akaandika kitu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na soko nikamwambia angeniambia. Akasema angeniambia ningekataa, na kwamba kitufe alikiweka kwa ajili yangu, kwa sababu alichoka kuniona nikitoka Matinyani na shibe ya kuku bila neno hata moja. Ni afadhali mtu akunyang'anye kitu kuliko akupe kisha ujue ni yeye alikupa. Nilimpenda, na katika hatua zilezile nilitamani angekuwa mjinga kidogo.

Awamu ilipokwisha, profesa aliita wawakilishi wa vikundi vyote viwili kwenye ukumbi mmoja mjini Kitui. Wa Matinyani walikaa upande wa dirisha, mama mkwe wangu akiwa amejificha nyuma ya mwanamke mnene ili tusionane. Wa Kikima walikaa mbele. Mama yangu alikuja kwa gari la kukodi lililotumwa na mradi, amevaa lile vazi lake la kanisani la kijani, na aliposhuka alishika mlango kwa muda kabla ya kuinuka. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Profesa aliwauliza mmoja mmoja programu imewabadilishia nini. Ilipofika zamu ya mama, alikataa Kiswahili. Akasema atasema Kikamba na mkazamwana wake atafsiri. Kwa hiyo mke wangu alisimama kando yake, mkono begani kwake, na mimi niliketi kwenye safu ya watafiti nikamsikia mama yangu mara mbili.

Alisema hajashuka kwenye matuta ya chini tangu mvua za masika. Magoti yamekataa. Avokado zilizokuwa zikionekana kwenye simu kwa jina lake huchumwa na jirani, wanagawana, naye kazi yake ni kukaa kwenye kile kiti jikoni, kupiga picha, kuongea na wanunuzi na kupanga bei. Alisema alikuwa ameogopa kwamba siku atakayoshindwa kushuka ndiyo siku atakayoacha kuwa mkulima, na atakaa akingoja kuletewa chakula na watoto. "Sasa nalima nikiwa nimekaa," akasema, na mke wangu akatafsiri, "sasa nalima nikiwa nimekaa," na ukumbi ukapiga makofi. Nilipiga makofi pia. Mikono ilipiga yenyewe.

Profesa akauliza tena: kama mradi utaendelea, wangependa nani arudi kwao?

Mama hakufikiri. Alimshika mke wangu mkono, akauinua kidogo.

Sikungoja uamuzi wa profesa. Ulikuja alasiri hiyo na ulikuwa wa haki. Mke wangu angeongoza awamu ya pili na kusomea udaktari wake. Mimi ningekuwa mshauri wa masuala ya tabia, nikiripoti kwake. Alikuja kuniambia mwenyewe, nje, kando ya magari, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nilimwomba akuambie mwenyewe kuhusu magoti," akasema. "Kila nilipoenda nilimwomba."

"Na wewe ukakaa na hiyo siri kitandani kwangu."

"Ningefanya nini? Aliniapisha."

Nilimpongeza. Nilisema maneno yote yanayostahili, kwa mpangilio unaostahili, na kila moja lilitoka kama jiwe kwenye kiatu.

Nilimrudisha mama Kikima mimi mwenyewe, nikakataa lile gari la mradi. Tulipopita Machakos nikamwambia nilimuuliza. Nilikuja Jumamosi ile, nikamuuliza miguu ikoje, akasema Mungu ni mwema.

"Uliuliza," akasema. "Uliuliza ukiwa umeshika funguo mkononi."

"Mama."

"Si vibaya. Wewe una kazi. Yeye alikuja akakaa, akavuta ungo wangu akaanza kumenya mbaazi, na mtu akimenya mbaazi zako utamwambia tu."

Tulipofika mlimani nilimshika mkono akashuka.

Wiki iliyofuata nilienda tena. Sikumwambia mke wangu, ingawa nadhani alijua. Mbaazi zilikuwa zimeiva, mama alikuwa na ungo umejaa mpaka ukingoni, na kile kiti chenye mguu mfupi nilikikalia vibaya nikapepesuka, akacheka kile kicheko cha kuvuta pumzi ndani. Nikamenya. Vidole vyangu ni vya chaki, viliuma haraka. Sikuuliza kitu. Na kweli, baada ya muda akaanza. Alianza na magoti, daktari alivyosema na yeye alivyomjibu. Akaja kwa jirani, ambaye ni mwaminifu lakini ana mke mwenye maneno. Akaja kwa mchungaji mpya. Nilisikiliza nikiwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake, na nilikuwa tayari kuhesabu nimeshinda.

Kisha akasema, "Unajua baba yako, kabla hajafa," akaikatiza hapo.

Aliokota ganda kwenye paja lake akalitupa.

"Hiyo nitamwambia mke wako akija," akasema.

Wivu ulinipanda, uleule wa siku zote, hata sikujali kuuficha. "Mama, niambie mimi. Mimi ndiye mtoto wake. Kwa nini yeye?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, wala hakunionea huruma.

"Yeye nikimwambia atalala," akasema. "Wewe hutalala."

Nikamwambia nitalala. Hakuniamini. Akasogeza ungo katikati yetu, akachukua konzi ya mbaazi kutoka upande wake akaiweka upande wangu, na tukaendelea kumenya.